Orodha ya Momanyi

Julai, Molo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Nyasi za uani zimeota mvi
na kioo cha Datsun kimekuwa cheupe
kama jicho la ng'ombe mgonjwa.
Nakikwangua kwa kadi ya maktaba,
kazi yake ya kwanza tangu Machi.

Nazungusha ufunguo.
Kh.
Navuta choki, nakanyaga mara tatu
kama alivyonifundisha baba mkwe
siku aliyonikabidhi gari hili,
wiki mbili kabla ya kunikabidhi binti yake.
Kh. Kh.
Kisha hata hiyo kh ikakoma.

Nilijua. Betri ilininong'oneza tangu Aprili.
Taa zilififia kila nilipopunguza mwendo kwenye matuta,
harufu ya mpira unaoungua ikanifuata hadi Njoro,
nami nikaongeza sauti ya redio.
Mwisho wa mwezi, nilisema.
Mwisho wa mwezi ukaja na karo.
Mwingine ukaja na bati la jikoni,
mwingine na mchango wa harusi
ya mtu ambaye hata simpendi.
Gari haliamki usiku likalia kama mtoto mchanga.
Gari humeza tu.

Na aibu yenyewe ni hii:
mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili, mwaka wa kumi na tisa huu,
ninayeandika ubaoni kila muhula
USIPOZIBA UFA
darasa zima likamalizia kwa sauti moja,
huku nje, chini ya dirisha,
Datsun yangu ikidondosha oili, tone, tone,
juu ya kokoto za shule.

Vijana wawili wa maziwa waliweka mitungi chini, wakasukuma.
Vinywa vyao vilitoa moshi,
bomba la gari halikutoa kitu.
"Mwalimu, tia gea ya pili! Achia klachi!"
Nikaachia.
Likaruka kama mbuzi, likakohoa, likalala
mbele ya gereji ya mabati
ninayoipita miaka mitatu sasa bila kugeuza shingo.

Momanyi akatoka, makoti mawili mwilini, kikombe cha uji mkononi.
Darasa la nane nilimpa tisa kwa arobaini katika insha,
nikaandika pembeni kwa wino mwekundu:
Huna mpangilio.

Hakusema kitu. Alifungua boneti
akainama kama anayesikiliza tumbo.
Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya, akanionyesha:
lami.
Vichwa vya betri vilikuwa na ukungu wa kijani;
akavimwagia maji moto yenye magadi, vikatoa povu.
Mkanda wa feni aliukunja kidogo tu
ukavunjika kama chapati ya juzi.

Kisha penseli ya seremala na kipande cha katoni,
ncha ya ulimi nje, vilevile kama zamani:

1. Breki za nyuma hakuna
2. Tairi ya kushoto kipara
3. Mukanda
4. Maji ya radieta ni kutu si maji
5. Oili toka lini??
6. Betrii

"Mukanda." "Betrii", irabu mbili.
Vidole vyangu viligusa kalamu mfukoni
vikaiacha.
Nilikuja na betri, yeye akaiweka mwisho.
Juu kabisa aliandika kile ambacho kingeniua
kwenye mteremko wa Mau, gari likiwa na afya ya kutosha kufika.

"Ya kwanza na ya pili leo," akasema. "Zile nyingine, utakavyoweza."
Hakutaja mwisho wa mwezi. Nilishukuru.

Nikaenda shule kwa miguu, nyasi zikilia chini ya viatu.
Methali ya jana ilikuwa bado ubaoni.
Sikuona kitambaa, nikaifuta kwa kiganja.
Chaki ilitoka.
Grisi ikabaki, vidole vitano,
na darasa zima likaitazama.