Alama kwenye Mwimo

Kinyozi hajinyoi, wanasema.
Mimi hata cha kunyoa sina:
kichwa changu kiling'aa nikiwa na miaka ishirini na mitatu,
na mvua ya Tukuyu imekizoea,
hukigonga kama bati la jirani.

Kwa hiyo Ambokile alipovua kofia ya sufu,
likizo ya Juni, baridi imekaza,
sikuhitaji kioo wala taa.
Pembe mbili za paji zilikuwa zimerudi nyuma
kama wapangaji wanaohama usiku.

Ana miaka kumi na sita.
Shuleni, alisema, ni afadhali:
mwalimu wa nidhamu hupitisha mashine kwa wote,
vichwa mia nne paredi, vyote viazi vilivyomenywa,
hakuna ajuaye cha nani hakitaota.
Ni likizo inayomuumbua.
Wenzake wanafuga, wanachana, wanachonga mistari;
yeye anafuga kofia.

Akatoa mfukoni karatasi ya vidonge.
Binamu kaileta toka Tunduma,
maandishi yake hata muuza dawa wa stendi yalimshinda.
"Nimeze kimoja au viwili?"
Sauti ilianza ya mwanamume, ikaishia ya mtoto,
ikavunjika katikati ya neno viwili.

Nilizima mashine.

Mimi nimepaka vitunguu. Nimepaka majivu ya maganda ya ndizi.
Nimemlipa mtu wa Kyela elfu kumi na tano
kwa chupa iliyonichubua hadi masikioni.
Ujinga wangu naujua kwa bei.
Jumatatu tukaenda Mbeya.

Daktari wa ngozi, mama mmoja wa Kikinga, hakucheka.
Alivuta nywele kidogo, akahesabu zilizobaki vidoleni,
akataka damu, akauliza chakula, usingizi,
vichwa vya baba na wajomba.
Kisha akatazama kidevu, penye vinywele saba.
"Kinachokuotesha hizi ndicho kinachong'oa zile.
Mkono ule ule, unatoa huku unanyang'anya.
Dawa ninayoijua huukamata mkono huo,
na wewe bado unajengwa nao:
sauti, mifupa, na mengine
usiyotaka niyataje mbele ya mjomba wako.
Ukiisha kurefuka, rudi, tuzungumze.
Sijakukatalia. Nimekwambia ungoje."

Ungoje! Neno jepesi kwa mwenye nywele.
Uyole, Isyonje, Kiwira, ukungu unapanda na kushuka,
hakunena.
Vidonge aliviacha kwenye kiti changu.
Sikuwa nimeviomba.

Sasa kila likizo huja kwangu kabla ya kufika kwao,
anavua viatu, anaegemeza mgongo kwenye mwimo wa mlango,
mimi naweka rula juu ya utosi, napiga chaki.
Juni. Septemba. Desemba.
Wateja hudhani tunapima mbao.

Jana rula ililala sawasawa,
nywele hazikuisumbua; tuliliona hilo wote wawili
na hakuna aliyelitaja.
"Imepita?"
Imepita. Upana wa kidole.

Akaitazama chaki kwa muda,
nusu ya uso inacheka, nusu imenuna.
"Bado, basi," akasema,
kwa sauti moja, nzito, isiyovunjika popote,
akavaa kofia yake,
na ili atoke
ikabidi ainame.