Kuni za Mla-Kuni

Jina lake la Kijerumani lilipakwa rangi nyeupe ubavuni,
herufi kumi na nne. Babu wa baba yangu alizihesabu,
kuzisoma zikamshinda. Hapa Matema tulimwita Mla-Kuni,
na ndilo jina lililodumu kuliko rangi.

Alikuja juu ya vichwa vya watu,
vipande vipande, kila kipande na namba yake,
kila namba na shingo yake,
kuyakwepa maporomoko ya Shire.
Boila haikukubali kugawanywa; ikaburutwa juu ya magogo,
na walioivuta hawakupewa namba.
Meli iliyotembea kwa miguu kabla ya kujua kuogelea.

Akapakia ngozi, nta, pembe,
vyungu vya Wakisi vilivyofungwa kwa majani makavu ya migomba.
Akashusha chumvi, kaniki, risasi, kengele ya misheni,
na siku moja punda wa padri
aliyeshuka akiyumba, akakaa chini mchangani,
akakataa kuamini nchi kavu mpaka jioni.

Kila wiki mbili, njaa.
Alipiga honi moja tu, na milima yote ikamjibu,
na wanaume wakapanda na mashoka.
Rundo: upana pima mbili, kimo mpaka kidevuni.
Malipo: mikono miwili ya kaniki.
Misuku ya karibu iliisha kwanza,
kisha ya mbali,
kisha ikawa ukienda kukata kuni unabeba chakula cha siku mbili.

Sasa niseme.

Asulwisye Mwandemele, babu wa baba yangu,
mwaka ule mtoto alikuwa anaharisha damu
na mganga alitaka kaniki, hakutaka maneno.
Akakata miti mibichi, iliyo karibu, penye maji.
Akaipanga ndani.
Nje akazungushia kavu, safu moja, nadhifu kama ukuta wa Mnyakyusa.
Karani Feruzi wa Kilwa akapita na bakora,
akagonga nje. Nje kukalia ti.
Akaandika.

Mwera ulishuka wakiwa wameipita Lumbila.
Chiumia, mchochea moto, ndiye aliyefika pwani akiwa na pumzi,
na ndiye aliyesimulia: alifungua mlango wa tanuri
akakuta kuni zinatoa povu kwenye ncha,
zinalia, zinalia tu, haziwaki.
Mshale wa mvuke ukalala kama mgonjwa.
Meli ikageuza ubavu. Mawimbi yakauona.
Mwamba ulikuwa pale siku zote.

Kitabu cha kampuni kilihesabu pembe arobaini na moja,
nta mizigo sita, ngozi, hata vyungu.
Watu kiliwaita "mabaharia, wenyeji",
bila kusema wangapi.
Walikuwa saba. Hapa tunajua, kwa sababu tuliwazika watano.

Baba husema: Mwera hauulizi kuni.
Umezamisha boti za dizeli, dizeli safi,
umezamisha hata mitumbwi isiyokula chochote.
Huenda. Chiumia mwenyewe hakumtaja mtu;
marundo yalikuwa mengi, na wakataji wengi,
na nani ajuaye wangapi walipanga kama yeye?
Lakini Asulwisye aliweka shoka darini
na mpini ukaliwa na mchwa mbele ya macho yake.
Mtoto alipona. Ndiye babu yangu.

Mlango wa tanuri ulinaswa na nyavu, miaka mingi baadaye.
Uko Ikombe, uani kwa Bi Ndimbumi,
anaanikia vyungu juu yake kabla ya kuvichoma.
Nilimwuliza kama anajua ulikotoka.
Akasema, "Chuma kizuri, hakipindi," akaendelea kusugua udongo.

Mimi Jumamosi, mnadani Lyulilo, nikinunua kuni
nafungua mzigo wote, mbele za watu,
natoa kijiti cha katikati, nakigonga jiweni, natega sikio.
Wauzaji hucheka: huyu anapima kuni au ngoma?
Kavu husema ti.
Mbichi hainiambii kitu.
Naishika hivyo hivyo mkononi, nzito, baridi,
mpaka mtu wa nyuma aseme, mama, tupishe.