Wino na Siki

Upepo uliposhuka Rungwe usiku ule wa Jumatano
haukubisha hodi. Isongole iliamka
ikaona anga pale palipokuwa na msitu.
Miti ya podo imelala, mizizi juu,
kama wafu waliokosa wa kuwafunika.

Bwana Mwaisumo alitoka wilayani na utepe wake,
akahesabu visiki mpaka mia nne na kumi,
akachoka, akaandika:
*Msitu umekufa. Ipandwe paina.*

Mimi sikuhesabu visiki.
Mimi ni Tusekile, muosha chupa wa maabara kule Uyole.
Kazi yangu ni kuufunika udongo kwa kopo
na kuusikiliza ukipumua.

Usicheke.
Kijiko kimoja cha udongo kina wakazi
kuliko Mwanjelwa siku ya soko.
Chini ya kopo unaacha kikombe cha magadi makali,
usiku kucha kinanasa pumzi zao.
Asubuhi unadondosha asidi,
tone,
tone,
na rangi ya waridi ikifutika mapema
ujue walikuwepo, wakala, wakashusha pumzi.

Mwaka wa kwanza ilifutika upesi mno.
Nilipiga kigelegele. Daktari Anyelwisye
hakuinua hata kichwa.
"Hao ni watu wa matanga," akasema,
"wamefuata ndizi za msiba.
Magogo yakiisha wataaga.
Wewe nitafutie wenye nyumba."

Na kweli waliaga.
Mwaka wa pili nilidondosha matone hadi mkono ukafa ganzi,
waridi ikaning'ang'ania usoni kama deni.
Barua ya paina ikagongwa mhuri.
Viriba elfu sita vikapangwa kando ya barabara
vikisubiri mashimo.

Masika ya tatu nilipanda peke yangu,
ukungu umenifika kiunoni.
Katika shimo lililoachwa na mzizi wa podo mkubwa kuliko wote
nikakuta miche mitatu, urefu wa kidole.
Nikaomba radhi, nikang'oa mmoja.

Vifaa vilikuwa vimekwisha tangu Novemba,
basi nikapita dukani kwa Ambakisye:
wino wa bluu, ule wa kalamu za shule,
na siki ya kachumbari.
"Unapika nini?" akauliza.
Mzizi, nikamjibu. Akanirudishia chenji bila neno.

Nikauchemsha, nikautia rangi, nikauweka chini ya darubini.
Nilitafuta uzi mmoja wa kuvu, uzi tu.
Nikakuta uzi umepenya ukuta,
umeingia ndani bila kuvunja kitu, kama mkwe,
na katika kila chumba cha mzizi
umechipua kitu chenye shina, chenye matawi, chenye vitawi:
mti wa bluu.
Chumba cha pili, mti.
Cha tatu, mti.
Msitu umesimama wima
ndani ya kitu chembamba kuliko unywele wangu.

Daktari akainama kwenye darubini, akakaa hivyo kwa muda.
Miwani yake ilipata ukungu.
"Mzizi mmoja si msitu," akasema hatimaye,
sauti si ile ya kila siku.
"Niletee thelathini."

Kesho alfajiri ninapanda tena.
Nitapita kwenye vile viriba, nitavisalimu;
havina kosa, ni watoto wa watu.
Sabuni imeshindwa na vidole vyangu.
Nimekula ugali jana na leo kwa mkono wa bluu.