Birika la Mwanashee

Chooni kwa shangazi Mwanashee, mtaa wa Langoni,
birika lina bakuli la kaure lililozikwa sakafuni
kabla babu hajazaliwa.
Humo samaki watatu, wembamba kama kucha, hawana jina.
Kazi yao viluwiluwi vya mbu.
Ukichota kata ya kutawadhia wanazama bakulini,
wanangoja maji yatulie, wanarudi.
Birika likikauka, bakuli halikauki.

Nilikuwa na miaka tisa nilipowaletea mgeni:
chaa mchanga, nimemnasa kwa leso pale gatini.
Nilidhani maji ni maji.
Magharibi alikuwa anaogelea ubavu.
Isha, tumbo limemvimba.
Mwanashee akamtoa kwa kata, hakunigombeza.
"Huyu kazoea kunywa chumvi na kuitema.
Hapa maji yamemwingia bila hodi,
hajui pa kuyatolea."

Asubuhi tukashuka Wiyoni, maji yametoka,
mimi viatu mkononi.
Mkoko, akasema, huizuia chumvi mlangoni, kwenye mizizi.
Mbegu yake huchipua ingali juu kwa mama;
ikianguka ni mkuki tayari,
inajichoma topeni, wima.
Mchu hauzuii.
Humeza yote, kisha huitoa majanini kama jasho.
"Ramba."
Nikaramba. Chumvi ile ile ya jikoni kwetu.
Chini, mizizi yake imechomoza topeni kutafuta pumzi,
vidole vya watoto wanaojua jibu
na mwalimu hajawachagua.

Sasa nina arobaini na mbili. Mwanashee hayupo.
Maji ya bomba yanatoka visimani, mchangani Shela,
na kila mwaka yanaongeza munyu.
Sukari haiufichi tena.
Ya kunywa tunanunua kwa madumu,
punda anayaleta hadi kizingitini.
Jirani amefukia birika lake,
ameweka tangi jeusi la plastiki darini.

Samaki wangu wapo. Si wale watatu:
vitukuu, au vilembwe, nani anahesabu.
Wanakunywa kilichopo.
Wao chumvi iliwajia kijiko kwa kijiko,
miaka thelathini na mitatu.
Chaa wangu nilimpa
kutoka alasiri mpaka isha.

Jana, joto la kaskazi,
nimepandisha dumu ngazi zote hadi juu,
nikaketi, pumzi zinanipita.
Nikatazama kushoto, nikatazama kulia,
nikaramba mkono wangu mwenyewe.

Mchu.