Siku ya Tisini na Moja

Ruzuku na riziki ni watoto wa tumbo moja,
ila mmoja amezaliwa na tarehe ya mwisho.
Huyo ndiye aliyenisomesha:
karo, vitabu, pango la chumba mjini Duluth
juu ya duka la rangi,
na chini ya mkataba, sahihi yangu:
kila mwaka niliolipiwa, miaka miwili ya kazi
katika ofisi ya jimbo, nikiwatafutia kazi
watu ambao kazi imewakataa.
Nimebakiza mwaka mmoja na miezi saba.
Nahesabu. Asikudanganye mtu kwamba hatuhesabu.

Wendell Haukkala aliingia Februari,
theluji ingali kwenye kofia,
mkono wa kuume umekomea kiwikoni;
sehemu iliyobaki aliiacha kwenye msumeno
wa kiwanda cha mbao, Cloquet.
Nikamsomea fomu: Uwezo. Upungufu. Matarajio.
Kwenye Matarajio akasema, "Andika kahawa."
Nikaandika.

Tulimjaribu kwenye kompyuta, wakachukiana.
Tulimjaribu kupokea simu hotelini:
siku mbili tu. Aliwaambia wageni ukweli kuhusu vyumba.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini Oddvar Lien wa karakana
alikaa kimya akimtazama tangu asubuhi,
kisha akachora, nyuma ya bahasha,
kibano cha chuma kinachobanwa kwa mguu.
Dola mia sita na arobaini.
Fomu tatu, sahihi mbili, wiki tisa.
Mtu wa hesabu kule St. Paul akauliza:
*Je, hakuna mtu wa kumshikia?*
Nikamwandikia barua ndefu. Nikaifuta.
Nikaandika: *Hapana.*

Mpewa hapokonyeki, husemwa.
Waliosema hawakuwahi kupewa kwa awamu.
Mwisho wa Septemba fedha zikakatika,
Oddvar akapanga patasi zake kwenye boksi la ndizi,
akazima taa, akarudi kuiwasha,
akatoa kibano mezani: kimeandikwa Haukkala,
basi ni cha Haukkala.

Oktoba, kiwanja cha barafu nyuma ya kanisa la Walutheri.
Watoto wamepanga foleni, viatu vyao vya kutelezea
vimening'inia shingoni kwa kamba.
Anakanyaga, chuma kinabanwa,
jiwe linazunguka, cheche zinaruka kwenye aproni.
Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi,
kisha anapima makali kwa ukucha wa dole gumba:
ukitoa unga mweupe, kiatu kimekubali.
Mtoto mmoja akamuuliza mkono umekwenda wapi.
"Ulikwenda Cloquet," akasema. "Ukakosa basi la kurudi."

Sheria yetu ni fupi. Mtu akidumu kazini siku tisini
faili hufungwa, hupigwa muhuri: AMEFAULU.
Akifukuzwa siku ya tisini na moja,
bado amefaulu.
Nilimpigia siku yenyewe.
"Upo?"
"Nipo." Nyuma yake jiwe likilia.
"Basi nafunga."
Akanyamaza kidogo.
"Unafunga nini?"

Kesho yake sikuchukua gari la ofisi.
Nilichukua viatu vya mtoto wa dada yangu, butu kama vijiko,
nikatembea, na chuma cha mguu wangu wa kushoto
kikigonga lami kwenye kila hatua,
kwa maana hata mimi nina faili mahali fulani,
na sijui nani aliifunga, wala siku ya ngapi.

Nilipanga foleni. Hakuinua uso.
Kanyaga, cheche, ukucha.
"Dola saba."
Nikampa kumi. Nilitaka aseme weka tu,
au mimi niseme weka tu; mmoja wetu awe na deni.
Akahesabu tatu, noti moja moja,
akinyoosha kila moja kwa kiganja juu ya kaunta.
Hakunipunguzia hata senti.
Akaandika risiti kwa mkono wa kushoto,
herufi zimeinama kama watu wanaoukabili upepo wa ziwani,
akaichana kwa meno,
akaniita mama kama anavyomwita yeyote,
kisha akatazama nyuma ya bega langu:

"Anayefuata."