Kanda la Usufi

Namba yangu ni sitini elfu mia nne na kumi na nane.
Jina ninalo, Corliss, la bibi mzaa mama,
lakini jina halifungui geti.

Nilipakia Green Bay: karatasi za chooni,
paleti ishirini na sita, lakiri nyekundu mlangoni.
Karani wa ghala akacheka, "Leo umebeba pumzi tu."
Kweli. Injini haikukohoa hata mlimani.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wasemavyo.
Aliyesema hakulivusha kanda hilo Wyoming mwezi wa pili,
upepo ukija ubavuni kama fahali aliyekata kamba.
Wenye vyuma na saruji walinipita wakiwa wametulia;
mimi, kwa wepesi wangu, nilishika usukani kwa mikono miwili
kama mtu amzuiaye mlevi asianguke.

Leif alifariki Jumatatu.
Kaka yangu.
Nilikuwa kwenye mizani ya Nebraska, simu ikatetemeka,
sikuipokea: taa ya kijani ilikwisha kuwaka, nipite.

Baadaye nikampigia Deshawna, msimamizi wa safari zangu.
Miaka sita namjua kwa sauti tu;
najua mbwa wake ana kikohozi,
sijui nywele zake zina rangi gani.
Alinyamaza. Kisha nikasikia vidole vikibofya, vikibofya.
"Shusha Reno Jumatano, nikutafutie mzigo wa kuelekea kwenu.
Wa Minot sina. Kuna wa Fargo, Ijumaa.
Pole, Corliss. Pole sana."
Alinitaja jina. Hilo nimelihesabu.
Maziko yalikuwa Alhamisi.

Ndani ya lori kuna saa isiyojua asubuhi wala jioni,
inajua tu umebakiwa na ngapi.
Kumi na moja za kuendesha, kisha simama ulipo,
hata kama kitanda chako kiko maili tisa mbele.
Na kuna kamera mbili:
moja yaitazama njia,
nyingine yanitazama mimi, wala haipepesi.

Baada ya Rawlins theluji ilianza kutambaa juu ya lami
kama chumvi iliyomwagika mezani.
Nikamwona Leif kwenye lori la ngano la baba,
mimi na miaka yangu kumi na mitatu,
mkono wake juu ya wangu, mkono wangu juu ya gia:
"Usilisikilize kwa masikio, mjinga wewe. Kwa makalio!"
Nikacheka peke yangu.
Kicheko kikageukia njiani.
Nikafumba macho, si sana,
kiasi cha kukamua.

Kamera ikalia tii, tii, tii.

Saa zangu ziliishia Evanston, nyuma ya kituo cha mafuta,
jirani na trela la kuku waliogandishwa
lililonguruma usiku kucha kwa ajili ya kuku wake.
Ujumbe ulikuwa umenitangulia kwenye tableti:
*Dereva 60418. Dalili za usingizi, sekunde mbili nukta moja.
Tazama somo. Jibu maswali. Ndipo utapewa mzigo mwingine.*

Dakika kumi na mbili.
Kijana wa shati jeupe, asiyejua harufu ya dizeli,
alinieleza faida za kulala.
Meno yake yalikuwa mazuri.

Swali la kwanza nilipata. La pili nilipata.
La tatu: *Kwa nini ulifumba macho?*
Uchovu. Simu. Jua.
Nikatafuta la nne. Nikasukuma kioo juu, nikasukuma chini.
Nje upepo ulikuwa bado unalipiga kanda la usufi,
likiyumba pole pole, nami nikiyumba nalo.

Nikachagua jua.
Ilikuwa saa nne na robo usiku.