Ufa wa Kwenda Kigoma

Mninga ulikuwa bado na maji moyoni
nilipoufunga kwenye keezo. Nilijua.
Lakini Bi Mgalula alishalipa nusu,
na nusu ile nilishaila.

Bakuli likatoka jema, tumbo la mviringo,
wekundu wa udongo wa Isevya baada ya mvua.
Siku ya tatu likalia: tak.
Nje kumekauka, ndani hakujawa tayari,
na penye ugomvi huo ndipo mti hupasuka.

Nani asiyejua methali ya ufa na ukuta?
Aliyeitunga hakuwa na keezo.
Ufa wa ukuta unataka tope tu;
ufa wa bakuli unachagua.

Nikajaribu vumbi la mninga wenyewe na gundi:
likakauka jeusi, kovu la mwizi.
Nikajaribu majani ya chai, nimeyachuja, nimeyaanika juu ya bati:
yakanywea, yakaacha mwanya wa ukucha.
Nikajaribu jivu. Jivu ni jivu.
Mwisho nikachukua nta ya Sikonge,
ya manjano, yenye mguu wa nyuki ndani,
nikaiyeyusha kwenye kopo la maziwa,
nikamimina, nikasugua kwa soksi kuukuu.
Bakuli liking'aa, hata mimi nikasahau.

Wiki mbili. Bi Mgalula huyo, bakuli kwapani.
"Igunda, umeniuzia bakuli au mtego?"
Ugali wa moto ulikuwa umeilamba nta yote,
ukaingia wenyewe ufani, ukakaa, ukawa jiwe.
Amesugua kwa mchanga, kwa waya wa masufuria, kwa matusi.
Nikachokonoa kwa msumari. Wapi.
Katika vyote vilivyotiwa mle
huo ndio pekee uliokuwa umeshika.
Niliona haya kumwambia.

Tukaufukua, yeye ameshika, mimi nakwangua,
mpaka jua likahamia upande wa stesheni.
Kisha akafungua fundo la khanga,
akatoa maganda ya mayai, matano, ya kuku wake,
yameoshwa, utando wa ndani umebanduliwa.
Nani alimfundisha? Hakusema.
Tukayaponda kwa kitako cha chupa,
si unga, chenga;
tukazipanga ufani moja moja,
tone la gundi juu, pumzi zimebanwa.
Msasa mkavu. Msasa wa maji. Mafuta ya alizeti.

Ukatokea mstari mweupe juu ya wekundu,
umepinda mara mbili, una kifundo katikati.
Bi Mgalula akaweka kidole ukingoni.
"Hapa Tabora." Akakivuta polepole.
"Usoke. Urambo. Hiki kifundo ni Kaliua,
alinipigia simu akiwa hapa, akasema kuna vumbi.
Nguruka."
Kidole kikasita.
Mbele yake mninga mtupu, hakuna ufa.

Nikamwambia naweza kuchonga kidogo,
nikauendeleza mpaka Kigoma.
Mimi, fundi, natoa ofa ya kurefusha ufa.

Akafikiri muda mrefu kuliko bei.
"Acha," akasema. "Labda alishuka kununua samaki,
treni ikamwacha."
Akalifunga bakuli kwenye khanga,
akasimama, akajikung'uta chenga za maganda mapajani,
na mlangoni akageuka kuuliza
kama safari hii litavumilia ugali wa moto.

Nikasema aanze na karanga.